Sahani Zote za Mama Abizer

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimekuwa mwalimu. Alhamdulillahi. Nimechomeka kalamu sikioni tangu adhuhuri, hata nikigeuza bajia siitoi.

Mambo yalikwenda hivi. Meza yangu ya chai na bajia iko barazani kwa Tajiri Hatim, muuza misumari, rangi na mabomba. Baraza lake, kivuli chake, mkaa tu ndio wangu. Niliporudi kutoka baharini sina kitu ila sufuria na majina ya bandari, yeye na mkewe Bi Ezmina walinipa mahali hapa wala hawakuniuliza nimetoka wapi. Nikawaambia hivyo hivyo, kwa kirefu.

Asubuhi Bi Ezmina, ambaye sisi tunamwita Mama Abizer, katoka dukani macho mekundu. Nikauliza kulikoni. Akasema watoto wanachukuliwa.

Baba mkwe wake, Mzee Kamrudin wa Dar, anakuja Jumapili ya tarehe 17 kula chakula cha mchana. Anataka Abizer aandike ukurasa mmoja mbele yake, kwa mkono wake, bila kusaidiwa. Akishindwa, Abizer na mdogo wake Mina wanahamia Dar kwa Mzee, waanze shule huko. Mama yao abaki hapa Bagamoyo na misumari.

Chanzo ni simu. Mzee alimwomba mjukuu amwandikie salamu za Idi. Abizer akamrekodia sauti. Mzee akauliza, mtoto wa miaka kumi anakosaje kuandika? Hapo hapo akapanga safari.

Watoto hawa wanasomea nyumbani. Abizer alibanwa sana na pumu, akawa shule haendi, mama yake akaanza kumfundisha mwenyewe. Mina naye akagoma kwenda peke yake. Kusoma wanasoma kama wanakunywa maji. Hesabu wanazo. Maneno ndiyo usiseme. Lakini mshikishe Abizer penseli, tumbo linamuuma hapo hapo. Na Mina haandiki kaka yake asipoandika. Chama cha wafanyakazi kabisa.

Nikamwambia Mama Abizer atulie. Mimi nimekuwa mpishi wa meli. Nimewaandikia manahodha vyakula vya siku huko Maskati, Durban na Jeda. (Nilikuwa nachora. Samaki, kuku, ng'ombe. Nahodha anaelewa.) Tena nimesoma mpaka darasa la sita, na la sita nilikaribia kulimaliza.

Akasema, haya Shuaibu, jaribu, mimi nimejaribu yote. Akanipa kipande cha halua. Mwanamke yule Mungu ampe pepo.

Mwalimu Yunus, mstaafu, mteja wangu wa kila siku, alikuwa kwenye benchi akasikia kila kitu. Alicheka mpaka chai ikamwagikia kanzu. Yeye ndiye aliyemfundisha Abizer kuandika mwaka juzi, na kalamu yake nyekundu, ikashindikana. Akaniita nahodha wa bajia. Akauliza, mimi na cheti changu nilimshindwa, wewe utampitisha njia gani, ya bahari?

Nikamwambia bahari haina cheti. Sijui maana yake, lakini ilimnyamazisha.


Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa kwanza. Bajia.

Nikawaita watoto, nikatangaza kwamba kila mstari wa maandishi una bajia yake moja. Abizer akauliza masharti kama wakili. Bajia ya moto? Ya moto. Na chatini? Na chatini. Mistari ikiwa mingi? Bajia nyingi.

Akachukua karatasi na penseli, akaondoka navyo kwenye mabenchi, Mina nyuma yake. Nikasema moyoni, anatafuta utulivu, waandishi wako hivyo. Haukupita muda karatasi imerudi imejaa. Nikatoa bajia kwa furaha.

Nikampelekea Mama Abizer kifua mbele. Akasoma kwa sauti. Mstari wa kwanza: pikipiki yangu inatoa moshi, fundi yuko wapi. Wa pili: natafuta mchumba asiye na makuu. Wa tatu: saruji mifuko miwili, ifike Makurunge kesho. Karibu kila mstari na mwandiko wake.

Kumbe Abizer aliwapa wateja wangu kazi. Andika mstari, upate nusu bajia. Nusu nyingine yake. Yule mwenye pikipiki aliandika mitatu.

Mama Abizer alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo ya rangi. Tajiri Hatim akatoka kuona kuna nini. Na yeye akacheka. Sijawasikia wakicheka tangu mzee apige simu. Kwa hiyo namshukuru Mungu kwa bajia zile. Zimekwenda pazuri.

Isitoshe, kijana mwenye akili ya kuajiri watu hawezi kushindwa na herufi. Tatizo ni mwalimu wake wa zamani.

Mwalimu Yunus kasema ule mstari wa mchumba una makosa mawili. Alikuwa ameshatoa kalamu.


Jumamosi, 9 Agosti

Mpango wa pili. Jana Nane Nane, mji umejaa, meza yangu haina nafasi. Nikamvika Abizer aproni, nikampa kijitabu, nikamwambia leo wewe mhudumu, andika kila mtu anachotaka. Mtoto akiwa na kazi ya kweli, mkono unafunguka wenyewe. Nilisikia hivyo Durban. Au nilisema mimi mwenyewe nikiwa Durban.

Abizer alipita meza nzima. Yule chai ya tangawizi, sukari kidogo. Yule ya maziwa, chapati mbili, moja afungiwe. Yule bajia bila pilipili, mama yake kamkataza. Hakukosea hata mmoja. Kijitabu kitupu! Vyote kichwani.

Mimi niliandika oda zangu kwa mfano mwema. Nikampa mtu wa chai ya rangi uji. Mina akaniambia taratibu, Mjomba Shuaibu, labda na wewe uache kuandika.

Mwalimu Yunus alifurahi sana na jambo hilo. Akasema ameona walimu wengi, lakini hajaona anayefundishwa na mwanafunzi wake namna ya kutokuandika.

Jioni tunaosha vikombe nikamuuliza Abizer tumbo linamuuma wapi hasa. Akanionyesha vidole.

Nikamuuliza lilianza lini. Akasuuza kikombe kilichokwisha kusuuzwa. Mina ndiye aliyesema. Mwaka juzi Mwalimu Yunus alikuwa akija na karatasi za Abizer hapa barazani, anawasomea watu makosa, watu wanacheka. Nakumbuka. Hata mimi nilikuwepo. Kuna mahali Abizer alikusudia mboga, akaandika kwamba mama yake ni mpishi hodari wa mbao. Nilicheka nikashika nguzo. Yalikuwa makosa mazuri kwelikweli.

Lakini hayo hayahusiani na vidole. Nadhani mtoto hali mchicha wa kutosha. Nitaongea na mama yake.


Jumatatu, 11 Agosti

Leo nimepata dawa. Niandike polepole, mkono wangu unakimbia.

Mke wangu Zuhura ana kichwa kinachomsumbua. Asubuhi katoka kwa Maalim Ramadhan wa madrasa na kombe. Nimeliona kombe maisha yangu yote na sijawahi kulifikiria. Maalim anachukua sahani nyeupe, anaandika maneno ya Mungu kwa wino wa zafarani, anayaosha kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Maneno yameingia mwilini. Zuhura kanywa, kalala kidogo, kaamka ananigombeza. Kapona.

Nikasimama pale pale. Kama maneno yanaingia kwa kunywa, herufi je?

Nikaenda mbio kwa Mama Abizer, nikamwambia nahitaji zafarani na sahani nyeupe, asiniulize. Zafarani yake iko kwenye kikopo kidogo, anaiweka kwa biriani ya Mzee. Akanipa bila kuuliza. Ndivyo alivyo. Sahani nyeupe alizonipa ni za arusi yake. Wao nyumbani hula wote kwenye sinia moja kubwa, wanalizunguka, kwa hiyo sahani zile zimekaa kabatini miaka yote zikingoja wageni wasiopenda sinia.

Nikakaa na watoto ukumbini. Nikachovya kijiti cha kuchokolea meno kwenye zafarani, nikaandika herufi zote kuizunguka sahani. Abizer akasema nimeacha mbili. Nikamwambia hizo hatuzitumii Bagamoyo. Nikaosha, nikawanywesha nusu nusu. Mina akasema ingekuwa na sukari. Nikangoja herufi zifike vidoleni.

Wakati nangoja, Abizer akavuta sahani nyingine. Akauliza kama na yeye anaweza kuandika dawa. Nikamwambia andika tu, ila usimwage. Akaandika. Nikainama kusoma, akamimina maji, ikaondoka. Akaandika tena. Akamimina. Mina naye akachukua ya kwake. Wakawa wanaandika, wanaosha, wanaandika, ulimi nje, mpaka alasiri. Vijiti vyangu vya wateja vimekwisha.

Nikamuuliza tumbo. Akasema halimuumi. Akasema, Mjomba, hii nzuri, ikiharibika inaondoka na maji, hakuna anayeweza kuishika akaenda nayo barazani.

Mimi nilikuwa nimeshughulika kuhakikisha wanakunywa kila sahani. Dawa haitupwi. Mpaka jioni wanapishana chooni kama askari wa zamu.

Zafarani imewaingia barabara. Nimelia kidogo, na sijali. Shuaibu Mwinjuma wa darasa la sita!


Jumanne, 12 Agosti

Siku ya lawama. Nazishukuru nazo.

Zafarani imekwisha yote. Biriani ya Mzee itakuwa nyeupe. Mama Abizer alikitikisa kikopo sikioni, akakifunika, akasema haidhuru. Ningependa angenipiga.

Zuhura alipojua nilivyofanya akaniburuta mpaka kwa Maalim Ramadhan. Njia nzima ananiita kwa jina la mtoto wetu, Baba Hija, kwa sauti ile anayotumia mbele ya watu. Maalim alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kombe ni maneno ya Mwenyezi Mungu na dua, si a, be, che. Nilichofanya mimi ni kuwanywesha watoto wa watu rangi ya pilau. Nikaomba radhi kwa unyenyekevu wote, na nilikuwa nao unyenyekevu mwingi, Zuhura alikuwa amenishika kanzu.

Halafu Maalim akauliza watoto waliandika? Nikamwambia hawakuacha. Akacheka. Akasema yeye kwenye chuo cha Kurani alijifunzia ubao wa mti, akikosea anauosha, mwalimu wake hakuwahi kubaki na kosa lake hata moja. Akasema niwaache waandike, ila waache kunywa.

Maalim ni mtu mwema lakini si mtaalamu wa dawa. Waandike bila kunywa? Itafikaje?

Nimebadilisha kuwa manjano. Yako tele jikoni kwangu, rojo zito la maji na unga kidogo. Nguvu yake nina wasiwasi nayo. Watoto hawakuona tofauti. Nawapa kikombe cha maji matupu pembeni, herufi zisikwame njiani, kwa hesabu yangu mwenyewe.


Alhamisi, 14 Agosti

Leo kulikuwa na vita na tumeshinda.

Mwalimu Yunus kapata habari. Akaingia mpaka ukumbini, akasalimia vizuri, akaomba kuona. Abizer alikuwa amemaliza sahani. Alipoisikia sauti ile mkono ukaenda tumboni. Mimi nikasimama mlangoni na mwiko wangu sijui kwa ajili gani.

Mwalimu akaiokota sahani, akaisogeza dirishani, akasoma. Akasema kuna kosa hapa, na hapa. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Akaandika. Haikuandika. Akaitikisa. Haikuandika. Akaipulizia, akaijaribu kwenye kiganja, kiganjani inaandika vizuri sana. Akarudi kwenye sahani, ikateleza kama kambare.

Tukawa tunamtazama wote. Mwalimu mzima, miwani puani, anapigana na sahani.

Abizer akanyanyuka. Akamwambia kwa adabu, samahani Mwalimu, nisaidie kuishika hivyo hivyo. Akachukua birika akamimina maji. Maneno yakateremka mpaka kwenye mkono wa kanzu ya Mwalimu, makosa na yote. Abizer akaipokea sahani safi, akakaa, akaanza nyingine.

Mwalimu Yunus akarudisha kalamu mfukoni. Alikaa kwenye kochi la Tajiri Hatim muda mrefu, mkono wa njano. Mina akamletea kashata. Alipotoka aliniuliza, Shuaibu, mimi niliwasomea watu zile karatasi mara ngapi? Nikamwambia nyingi, na tulifurahi sana. Akaenda zake. Hata chai hakunywa.

Sijui kimempata nini. Labda wivu wa manjano.


Jumamosi, 16 Agosti

Kesho ndiyo kesho. Mama Abizer kafua mapazia yaliyokuwa safi. Tajiri Hatim kauza misumari ya bati kwa mtu aliyetaka ya mbao.

Mimi nimegundua hatari ambayo wengine hawajaiona. Mzee anataka ukurasa. Ukurasa ni karatasi. Na Abizer, nimemjaribu leo, karatasi bado hataki hata kuigusa. Nilimwekea moja nyeupe, mkono ukaenda tumboni.

Kwa hiyo nimechukua hatua. Nimeuandika ukurasa mimi. Abizer aunakili tu, au ikibidi atoe huu huu na kukohoa, Mzee atamwonea huruma. Nimetumia mchana mzima. Nimeuita Sifa za Babu Yangu.

Abizer akausoma. Akauliza mbona Babu yumo kwenye mstari wa kwanza tu, halafu inayobaki ni dhoruba ya Maskati na mpishi aliyewaokoa watu wote kwa sufuria. Nikamwambia huo ndio mtindo. Mina akasema mpishi kasifiwa sana. Abizer akaukunja vizuri akanirudishia. Akasema ahsante Mjomba, lakini Babu atajua, mimi sijawahi kumuokoa mtu.

Halafu akanishika mkono. Akauliza, nikienda Dar utakuja kunitembelea? Nikamwambia Dar ni hapo tu. Nikamwambia nitakuja na bajia, nitapanda mpaka ghorofa ya juu kabisa kwa Babu yako. Nikaenda jikoni kukata vitunguu. Vilikuwa vikali.

Zuhura kaniona. Hakunigombeza. Akachukua kisu akakata vile vilivyobaki.


Jumapili, 17 Agosti

Nimekaa barazani, meza imefungwa, nimetulia. Niandike kabla sijaanza kuongeza.

Mzee Kamrudin alifika na gari kabla ya adhuhuri. Kofia yake ya dhahabu, ndevu nyeupe, anashika kiuno akiteremka. Nikampa shikamoo ya Bagamoyo nzima. Akaitika marahaba akauliza kama mimi ndiye wa bajia. Sifa zimefika Dar.

Wakakaa kulizunguka sinia, wakaonja chumvi kwanza kama desturi yao, wakala. Biriani ilikuwa nyeupe. Mzee aliitafuta rangi kwa macho. Mimi nilikuwa karibu na mlango wa jikoni, nimepewa ruhusa ya kuleta bajia na amri ya kunyamaza.

Sinia likaondolewa. Mzee akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaikunjua mkekani. Akaweka kalamu yake juu. Nzuri, ya chuma. Akasema, haya baba, niandikie chochote.

Abizer akaitazama karatasi. Mkono ukaenda tumboni. Mama Abizer alikuwa anamimina chai, kikombe kikajaa, kikapita, akaendelea kumimina. Mzee akangoja. Akangoja tena. Nikaona bega lake linashuka, nikajua ameshahesabu vitanda vya Dar.

Mina akainuka. Hakuambiwa na mtu. Akaenda kabatini akarudi na sahani moja nyeupe, akaiweka juu ya karatasi. Akanitazama. Mimi nilikuwa na bakuli la manjano nyuma ya mlango, kwa dharura. Nikaleta, na vijiti.

Mzee akauliza hii ni nini. Mama Abizer akasema, Bawa (ndivyo wanavyomwita baba kwao), tafadhali, mwache.

Abizer akaandika. Sahani ndogo, herufi zake kubwa, kila sahani maneno machache. Ikijaa, Mina analeta nyingine. Zilipokwisha za juu, Mama Abizer mwenyewe akaacha birika, akapanda kiti, akateremsha zile za nyuma kabisa ambazo bado zina karatasi za dukani. Zikapangwa kutoka dirishani mpaka mlangoni. Mimi nakoroga. Mzee akapiga magoti, na kiuno chake kile, akaanza kuzifuata moja moja.

Ninazikumbuka.

Babu shikamoo.

Mimi naandika polepole usiondoke.

Kwako kuna lifti naipenda sana.

Lakini lifti haisikii kifua.

Mama anasikia kifua changu kabla sijakohoa.

Tukija wote wawili Mama atakula na nani kwenye sinia Baba akiwa dukani.

Mjomba Shuaibu ni muongo wa bahari lakini bajia zake za kweli.

Na ya mwisho, karibu na miguu yangu: Nikikosea usiwasomee watu.

Makosa yalikuwepo, nimeyaona, lifti aliiandika kwa namna mbili. Nikaingiwa na hofu ya ajabu. Nikanyakua birika niyaoshe kabla Mzee hajarudi kuyatazama kwa makini. Mzee akanishika mkono hapo hapo chini alipo. Akasema, bwana, weka hilo birika.

Nikaweka.

Akauliza ile ya mwisho ina maana gani. Mama Abizer akamweleza, kwa sauti ya chini, kwa lugha yao. Mzee akasogea kwa magoti. Akamvuta Abizer kwa kisogo, akaweka paji lake kwenye paji la mtoto, wakakaa hivyo. Kisha akasema ameomba ukurasa mmoja, kapewa ukumbi mzima. Akasema watoto watabaki hapa hapa, sinia lisipungue mtu. Ila kila mwezi yeye atakuja, azungukiwe na sahani kama leo, na mtu asiguse maji mpaka amalize kusoma.

Mama Abizer alikwenda jikoni. Nilimsikia. Zuhura, aliyekuja na sambusa, akamfuata, nao wakalia pamoja kama wamefiwa, kumbe wameshukuru.

Mzee hakukubali kuondoka mikono mitupu. Amechukua sahani ya lifti, kaiweka mapajani ndani ya gari, dereva kaambiwa aende kama amebeba mayai mpaka Dar. Alipofunga mlango aliniambia, na wewe, ahsante. Nimesafiri dunia nzima sijapewa ahsante kama ile. Yarabi, nilikuwa sina baraza, ukanipa baraza lenye watu hawa.


Jumatatu, 18 Agosti

Mji mzima unajua. Nimeisimulia mara nyingi, na katika hii ya mwisho sahani zilifika mpaka barabarani.

Mama Abizer kaniletea halua, sahani nzima safari hii. Akasema hana la kunilipa. Nikamwambia atulie, manjano ni bei nafuu. Akaanza kunieleza kwamba si manjano, Shuaibu, ni kwamba mtoto alikuwa anaogopa kosa lake kubaki. Nikamwacha aseme. Akina mama wana hisia nyingi. Mimi niliyekoroga ndiye ninayejua.

Ninafikiria kufungasha. Manjano ya Kuandikia, pakiti ndogo, picha yangu mbele. Bi Savita wa duka la vitambaa ana mtoto asiyetaka hesabu. Nimeshamwambia nitampikia kitu chenye mdalasini.

Mwalimu Yunus alikuja kunywa chai. Mpole kama si yeye. Akamwita Abizer, akamwambia mbele ya benchi zima kwamba zile karatasi za mwaka juzi hakupaswa kuzisoma. Abizer akasema haidhuru Mwalimu, akamwonyesha sahani yake ya asubuhi. Mwalimu akaisoma, akairudisha, akasema ameipenda. Basi. Alipoondoka kasahau kalamu yake nyekundu mezani. Nikamkimbilia nayo. Akasema kaa nayo, haina kazi kwangu tena.

Maskini, mzee amekata tamaa. Na mimi nimemwelewa. Kalamu yenyewe ndiyo ilimwangusha.

Hapo nikapata wazo, na nadhani ndilo kubwa kuliko yote. Mtoto sasa anaandika. Kilichobaki ni makosa. Lifti kwa namna mbili! Nani atamrekebisha, ikiwa kila kitu kinaondoka na maji? Namshukuru Mungu aliyeniweka karibu na duka la mabomba. Nimemwomba Tajiri Hatim maka peni nyekundu, ile ya kuwekea alama kwenye chuma. Kanipa bila kuuliza. Kesho nitamfanyia Abizer mshangao. Nitapitia sahani zake zote kabla hajaziosha, kisha nitazipanga hapa barazani watu wamuone alivyoendelea.

Nimeijaribu sasa hivi kwenye sahani ya Zuhura. Nimesugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga.

Haitoki. Safi kabisa.